Dawa Iliyomgeuka Mtani Wangu

Wiki mbili zilizopita niliandikiwa kutoka Korogwe kwamba Sista Agnesi amefariki, na kwamba familia yake inaniomba niandike maneno machache ya kusomwa kanisani, kwa kuwa mimi ni miongoni mwa wanafunzi wa uuguzi aliowataja hadi siku zake za mwisho. Barua iliandikwa na mpwa wake, mama mmoja mwenye mwandiko wa kunyooka, aliyemalizia kwa kusema kwamba ukurasa mmoja unatosha. Nilikaa mezani kwangu hapa Handeni jioni tatu mfululizo, na ukurasa huo haukuandikika. Kila nilipoanza na maneno “Alikuwa mwalimu wangu”, kalamu ilifika kwenye neno la mwisho ikasimama. Hatimaye nilituma rambirambi na udhuru wa nyonga yangu, ambayo kweli inanisumbua, ingawa si nyonga iliyonizuia. Ninayoandika hapa ni yale yasiyoweza kusomwa kanisani.

Ulikuwa mwaka wa kuhamia vijijini. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, mwanafunzi wa mwaka wa pili katika hospitali moja ya misheni upande wa Korogwe, ambayo jina lake nitaliacha lipumzike. Ninachokikumbuka kwanza ni chumba cha sindano, chembamba kama ushoroba, chenye dirisha moja lililotazama mashamba ya mkonge, na upepo ulipogeuka uliingiza harufu ya majani yaliyokamuliwa kiwandani, kali na chachu, iliyojishika kwenye nguo zetu hata baada ya kufuliwa. Juu ya meza kulikuwa na sufuria ya kuchemshia mabomba ya kioo, na kando yake kijiwe cha kunolea sindano, maana enzi zile sindano haikutupwa. Ilichomwa, ikaoshwa, ikanolewa, ikachemshwa, ikarudi kazini. Mwaka ule chakula kilikuwa ugali wa unga wa njano ulioletwa na meli kwa sababu ya ukame, na maharage yaliyokuwa magumu hata yalipoiva. Tulikula tukilalamika na kusikiliza redio ya jikoni ikitutangazia vijiji vipya, visima vipya, maisha mapya. Wazazi wangu walikuwa miongoni mwa waliokuwa wakihamishwa huko Handeni, na mimi niliamini kila neno la redio ile kama nilivyoamini kila neno la Sista Agnesi.

Alikuwa mkuu wa wodi ya wanawake, Msambaa wa milimani, mrefu, mwenye sauti ya chini ambayo hakuhitaji kuipandisha. Kuchoma sindano nilifundishwa naye. Alinisimamisha mbele ya papai bichi akaniambia, “Usisitesite. Ukisita unamuumiza mara mbili,” na papai lile lilipojaa matundu akalimenya tukalila kwa chumvi. Chumba chake kilikuwa mwisho wa bweni letu, chenye kitanda kimoja, cherehani na jiko la mafuta ya taa, na siku za Jumapili alinialika nimshikie nguo alizokuwa akishona. Viatu vyangu vya kazi vilipochanika alinipa vyake vya zamani, vyeupe, vikubwa kwangu kwa vidole viwili. Nilivijaza pamba mbele nikatembea navyo mwaka mzima kama mtu aliyerithi cheo. “Wodini niite Sista,” aliniambia, “lakini hapa tukiwa wawili niite Mama.” Nilimwita Mama. Sikujiuliza kama neno hilo lina mlango ambao mtu aweza kutokea.

Nyamizi aliletwa kwa trekta la shamba la mkonge, ana uchungu wa siku mbili. Daktari wetu, Mzungu mzee aliyezungumza Kiswahili kama aliyekisoma kwenye kitabu cha sheria, alimfanyia upasuaji, na mtoto akatoka mzima, msichana. Nilipokwenda kumfunga kidonda kesho yake aliniuliza mimi ni mtu wa wapi. Nikamjibu kwamba ni Mzigua wa Handeni. Alifumba macho kwa uchovu, kisha akasema, “Mungu wangu. Nimepasuliwa tumbo, na sasa nimekabidhiwa kwa Mzigua.” Alikuwa Mnyamwezi, na baina ya Wanyamwezi na Wazigua kuna utani uliotoka kwa mababu, tangu misafara ya kwenda pwani ilipokuwa ikipita katika nchi yetu. Asiyelelewa na desturi hii huona vigumu kuielewa. Mtani anaweza kukutukana mbele ya mama mkwe wako, akakunyang’anya kofia, akafika msibani kwenu akajilaza kaburini hadi apewe kuku, nawe huna ruhusa ya kukasirika. Neno la mtani halina uzito wa neno. Ni njia ya kumwambia mwenzako kwamba mko ndani ya nyumba moja.

“Ninyi mlifunika visima babu zangu walipopita na kiu,” aliniambia siku ya pili, nikimnawisha uso.

“Babu zako walikuwa wanakunywa kama punda, kwa kuwa walikuwa wamebebeshwa kama punda,” nikamjibu.

“Sikieni anavyomtukana mgonjwa. Nikifa, jamani, mzuieni huyu asilale kaburini kwangu. Kuku wote wa mume wangu atawamaliza.”

Wodi nzima ilichangamka kwa ajili yetu. Kulikuwa na vitanda kumi na viwili na kiu kubwa ya kucheka, na Mama Tatu, mhudumu aliyefagia na kugawa chakula, alijifunza kuchelewesha ndoo yake karibu na kitanda cha Nyamizi ili asipitwe. Mimi, msichana niliyekuwa mbali na kwetu, nilikuwa nimepata ndugu. Nilimwita Mnyamwezi, aliniita Mzigua. Katika majuma yote aliyolala pale sidhani kama tuliwahi kutumia majina yetu mengine.

Siku ya saba baada ya kujifungua, mguu wake wa kushoto ulivimba kuanzia paja, ukawa mweupe na wenye maumivu. Daktari alisema damu imeganda ndani ya mshipa mkubwa, na kwamba bonge hilo likisafiri hadi mapafuni litamuua. Alikuwa na dawa, mpya kwetu, iliyokuja katika maboksi ya msaada: heparini, ya kuzuia damu isigande. Alituagiza tumchome chini ya ngozi ya tumbo, kando ya kidonda, mara tatu kwa siku. Sista Agnesi alivuta dawa kutoka kwenye chupa akiinua bomba mwangani dirishani, mimi nilichoma, yeye alisimama nyuma yangu. Ndivyo ilivyokuwa asubuhi, mchana na jioni, kwa siku kumi. Naandika hili polepole kwa makusudi, kwa sababu maisha yangu yaligeukia hapo: yeye alivuta, mimi nilichoma, yeye alisimama nyuma yangu.

Siku za mwanzo dawa ilifanya kama ilivyoahidiwa. Uvimbe ulipungua, Nyamizi akaanza kunyonyesha akiwa ameketi, mumewe, mkata mkonge mwenye mikono iliyochanjwachanjwa na miiba, akamletea karanga za kukaanga ambazo alinigawia moja moja akinihesabia kwa sauti ili wodi isikie. Kisha, siku ya nane ya dawa, baada ya sahani za mchana kukusanywa, nilimchoma kama kawaida naye akakunja uso.

“We Mzigua, leo umenichoma nini? Hii si dawa. Umechota maji ya Pangani. Ule mguu mgonjwa umepona, sasa huu mzima umeingia baridi kama kambare.”

Wodi ilicheka. Nilihisi zamu yangu imefika na kwamba wote wananisubiri, na nilikuwa na miaka kumi na tisa. “Umejuaje?” nikamwambia. “Dawa yenyewe nawatunzia Wazigua wenzangu. Ninyi Wanyamwezi mnatoshwa na maji.”

Mama Tatu alicheka hadi akaikalia ndoo yake. Nyamizi naye alicheka, lakini mkono wake, nauona hata sasa, ulikuwa umeshuka chini ya shuka unapapasa goti la kulia. Niliuona mkono ule nikauchukulia kuwa sehemu ya mchezo. Sikufunua shuka. Sikuugusa mguu. Nilirudi chumba cha sindano nikamsimulia Sista kwa kicheko kwamba mtani wangu sasa anadai mguu mzima umekuwa kambare. Alikuwa akinoa sindano. “Huyo,” alisema bila kuinua macho, “ukimuuliza atakwambia hata nywele zinamuuma.” Tukacheka wote wawili. Kama angekuwa mgonjwa mwingine yeyote, mama wa Kibondei au wa Kimakonde, akaniambia kwa unyonge kwamba mguu wake mzima umepoa, ningeugusa, ningeandika kwenye kitabu cha ripoti, Sista angemwita daktari. Nyamizi alisema kweli kwa lugha pekee tuliyokuwa nayo baina yetu, na lugha hiyo kazi yake ni kusema yasiyosadikiwa.

Kesho yake asubuhi vidole vya mguu wa kulia vilikuwa vya rangi ya zambarau, na tumboni, kila mahali sindano ilipopita siku za karibuni, palikuwa na baka jeusi lenye ukubwa wa senti. Hakutania. Aliuma ncha ya kanga. Daktari aliupapasa mguu kutafuta mapigo, akatafuta tena, akatuagiza tuongeze dawa. Tukaongeza. Maabara yetu iliweza kupima wekundu wa damu na vimelea vya malaria, basi. Hakuna aliyejua kwamba kulikuwa na kitu kingine cha kuhesabu. Siku ya kumi mguu ule, ule mzima, aliokuja akiutembelea, ulikatwa juu ya goti. Niliingia chumba cha upasuaji kushika taa, na nilipotoka nilimkuta Sista Agnesi ameketi kwenye benchi la nje, mikono mapajani, anaitazama kama vitu alivyoviazima.

Kilichofuata kilitokana na hesabu fupi ya daktari. Aliisema mbele yetu ofisini, kwa Kiswahili chake cha kitabuni, bila hasira: “Dawa hii inazuia damu kuganda. Damu imeganda. Kwa hiyo dawa haikuingia.” Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na sentensi mbili za kweli, na ya tatu ilijileta yenyewe. Mwaka ule kila mtu alikuwa akisikia habari za mali ya umma kuibwa, na neno kupe lilikuwa midomoni mwa wote, kwa hiyo shauri lilipelekwa kwenye kamati, chini ya mwenyekiti wa tawi la chama, ambaye siku za kazi alikuwa seremala wa hospitali. Tuliketi katika ukumbi wa kulia chakula, meza bado zina mabaki ya maharage. Mama Tatu aliitwa wa kwanza. Alizungusha ncha ya kilemba chake kidoleni.

“Mama, ulisikia nini?”

“Mgonjwa alisema anachomwa maji.”

“Na huyu nesi alijibuje?”

“Alisema ndiyo.” Alinitazama, akatazama chini. “Alisema dawa anawatunzia Wazigua wenzake.”

“Ulikuwa utani,” nikasema. “Mama Tatu, ulikuwa unacheka. Ulikalia ndoo.”

“Nilicheka,” alikubali. “Sikujua kwamba mguu utakatwa.”

Seremala alikuna kidevu. Yeye mwenyewe alikuwa Mnyamwezi, mtani wangu kama Nyamizi alivyokuwa. Miezi michache kabla aliwahi kunifichia kiatu kimoja kantini hadi nimuimbie. “Utani tunaujua sote,” alisema. “Lakini mahali penye mguu uliokatwa mimi sioni utani.” Akasema kwamba mgonjwa alikwishaulizwa kitandani kwake kama maneno yale yalikuwa mzaha, naye alijibu, na akalisoma jibu kutoka kwenye karatasi: “Sikumbuki nilisemaje. Ninajua niliingia hapa na miguu miwili.”

Sikuogopa hata hapo. Bado ninashangaa jinsi nilivyokuwa mtulivu, kwa sababu Sista Agnesi alikuwa ameketi mwisho wa meza, na yeye alikuwa ukuta niliouegemea. Alivuta, nilichoma, alisimama nyuma yangu. Seremala akamgeukia kwa heshima akamuuliza kama alikuwepo kila sindano ilipochomwa. Sista aliweka mikono yake mezani. Alisema kwa sauti ile ya chini, iliyotulia, ambayo alinifundishia kila ninachokijua:

“Mimi nina wodi nzima. Siwezi kusema kwamba niliona kila sindano.”

Ni sentensi ambayo ukiichunguza neno kwa neno huwezi kuikuta na kosa. Alikuwa na wodi nzima. Nimefundisha watoto sarufi pamoja na elimu ya viumbe kwa miaka mingi, na sijawahi kukutana na sentensi iliyo safi namna ile ikafanya kazi chafu namna ile. Nilimtazama. Alikuwa akitazama viatu vyangu, viatu vyake, vilivyochungulia chini ya meza.

Waliniondoa chuoni bila kunipeleka polisi, jambo ambalo daktari alilieleza kuwa ni huruma. Niliosha vile viatu, nikatoa pamba, nikaviacha mlangoni kwa Sista, kwa kuwa mlango ulikuwa umefungwa na ndani cherehani ilikuwa inakwenda. Nilibisha. Cherehani ikanyamaza, hakuna aliyefungua, nilipofika upande wa pili wa bweni niliisikia ikianza tena. Kisha nikaenda kumuaga Nyamizi. Alikuwa ameketi, mtoto kifuani, na magongo mawili mapya aliyoyachonga seremala yameegemezwa ukutani. Nilikuwa nimetafuta neno la kumwambia tangu asubuhi, na sikuwa na jingine ila lile la zamani.

“Mnyamwezi,” nikasema, “hayo magongo utayabeba mwenyewe, au msafara mzima unakuja?”

Alinitazama kwa muda mrefu, wala hapakuwa na chuki usoni mwake; palikuwa na adabu. Alinitazama kama anavyotazamwa mtu wa ofisini.

“Asante, nesi,” alisema.

Kama angenitukana ningemshukuru hadi leo. Nilisafiri kwenda Handeni juu ya magunia ya lori nikilirudia neno lile moja. Nyumbani, kwa kweli, hapakuwa nyumbani. Wazazi walikuwa wamehamishiwa katika kijiji kilichopangwa kwa mistari, nyumba yao haijaezekwa upande mmoja, na kisima kilichotangazwa redioni kilikuwa bomba limesimama peke yake katikati ya uwanja, halijaunganishwa na kitu. Mama yangu alichemsha mlenda, akaniwekea bila kuuliza. Baba alisubiri nimalize kula.

“Ulichoma, au hukuchoma?”

“Nilichoma, baba. Zote.”

“Basi,” akasema, na hakuniuliza tena maishani mwake. Lakini kijiji kilikuwa kimekwisha pata habari, na kwa miezi mingi akina mama walipokuja kwetu na watoto wenye homa walimtaka mama yangu awashike, si mimi. Mwishoni mwa mwaka nilianza kujisomea kwa ajili ya chuo cha ualimu. Nilichagua elimu ya viumbe. Nadhani nilitaka kujua mahali dawa ile ilipokwenda.

Ilinichukua karibu miaka thelathini. Mwaka jana niliteleza kwenye ngazi za darasa nikavunjika nyonga, nikapasuliwa Tanga, na asubuhi baada ya upasuaji alikuja daktari kijana, binti ambaye angeweza kuwa mwanafunzi wangu, akiwa na sindano ndogo ya plastiki. Nilisoma jina la dawa nikaurudisha mkono wake. Nilimwambia kwamba naifahamu dawa hiyo. Aliketi kitandani.

“Shikamoo, mwalimu, samahani, sikukusalimu,” alisema. “Umewahi kuchomwa?”

“Marahaba. Nimewahi kuchoma.”

Nilimsimulia, kwa kifupi, kama kisa cha mtu mwingine. Alinisikiliza hadi mwisho, akauliza ilikuwa siku ya ngapi mguu ulipopoa, akauliza kuhusu mabaka ya tumboni, na nilipomjibu alitikisa kichwa polepole. “Ni dawa nzuri, mwalimu, imeokoa wengi. Lakini kuna wachache inawageuka. Mwili unaiona dawa kama adui, unatengeneza askari wa kupigana nayo, na askari hao wanakosea shabaha, wanazichokoza zile chembe sahani zinazogandisha damu. Zinashikana ovyo kila mahali. Mtu aliyepewa dawa ya kuzuia kuganda, damu yake inaganda kuliko mwanzo. Mara nyingi ni kati ya siku ya tano na ya kumi. Ndiyo maana sisi tunazihesabu chembe hizo. Zikishuka tunaacha mara moja.”

“Hata kama ilichomwa sawasawa?”

“Hasa kama ilichomwa sawasawa. Isingeingia, isingemdhuru.”

Nililala nikitazama dari. Neno alilolitumia, kugeuka, ndilo neno tunalolitumia kwa rafiki. Kwa miaka thelathini nilikuwa nimeshika kitu kimoja, kwamba nilichoma zote, nikakishika kama hati ya nyumba. Na sasa hati imethibitishwa, na ndani yake imeandikwa kwamba mguu ule ulipotea kwa sababu nilichoma zote. Yule daktari Mzungu alikuwa na sentensi mbili za kweli, mimi nilikuwa na moja, na Nyamizi, aliyekuwa na mzaha tu, ndiye pekee aliyekuwa amesema jambo lenyewe. Nilipoweza kutembea kwa fimbo niliuliza habari zake kwenye shamba la mkonge. Mzee mmoja wa lango alikumbuka mwanamke wa magongo. Alisema walirudi kwao Nzega zamani, shamba lilipoanza kufa.

Kwa hiyo nikaenda kwa Sista Agnesi. Aliishi Korogwe katika nyumba ndogo yenye baraza, macho yamefunikwa na mtoto wa jicho, na mpwa wake alinikaribisha akatuletea chai ya tangawizi na mihogo ya kuchemsha. Nilipotaja jina langu, Sista aliweka kikombe chini kwa kukipapasia meza. Alimwomba mpwa wake aende dukani. Tulipobaki wawili alianza yeye, kama mtu aliyekuwa na maneno hayo tayari mdomoni kwa miaka.

“Nilikosea vipimo, mwanangu. Zile chupa zilikuja kwenye maboksi mawili, za nguvu mbili. Mguu ulipokufa nilijua nimezichanganya, nimempa dawa hafifu. Ningesema, wangeninyang’anya wodi. Nikaona wewe ni mtoto, una maisha mbele, utaanza upya.”

“Kwa hiyo ulijua kwamba nilichoma.”

“Nilikuwa nyuma yako kila mara. Utakosaje kujua kitu ulichokisimamia.” Alivuta pumzi. “Mguu ule nimeuona kila siku ya Mungu. Nimeungama, nimefunga, bado nauona. Mimi ndiye niliyemkata yule mama.”

Hakuwa amemkata. Hakuwa amekosea vipimo. Bila shaka alipima vizuri kama alivyopima kila kitu, na laiti angekosea na kumpa dawa hafifu, huenda mguu ungepona. Alikuwa amenitoa sadaka ili kuficha kosa ambalo halikuwepo. Nilikuwa na sentensi moja ya kumwambia, fupi kuliko ya daktari: hukukosea, dawa ilimgeuka. Niliibeba kutoka Tanga kwa ajili hiyo, au nilijiambia hivyo. Alikuwa ameelekeza uso wake kwangu, macho meupe hayaoni, anasubiri nimhukumu au nimsamehe. Hakujua kwamba kuna jambo la tatu. Nilimega muhogo. Ulikuwa umeiva vizuri, na chumvi ya kutosha. Nilisikia treni ya mizigo ikipita, nikaisubiri yote ipite, na ilipokwisha nilikuwa bado sijasema. Nikafikiri, nitakuja tena, nitamwambia siku nyingine. Nikamaliza chai, nikainuka kwa fimbo yangu.

“Unakwenda?” aliuliza. “Hujasema neno.”

“Asante kwa chai, Sista.”

Aliinua uso ghafla, akalirudia neno hilo la mwisho kwa sauti ndogo, kama anayeonja kitu ambacho hakukitarajia. Nikashuka barazani. Nilikwisha fika kituo cha mabasi, nimekwisha kaa, fimbo katikati ya magoti, ndipo nilipotambua ni nani aliyenifundisha kuaga namna ile.